Wimbo Nilioukata kwenye Fomu

Kama una mtoto anayepiga kinanda na shule imemchagua kwenda kushindana, naomba usome haya mpaka mwisho kabla hujashika kalamu. Mimi nilishika kalamu. Simsemi mtu hapa, najisema mwenyewe, ili usije ukakaa kama ninavyokaa mimi sasa, umechoka mwili mzima na hakuna shamba ulilolima.

Letisia ni mtoto wangu wa kwanza. Yuko kidato cha pili hapa hapa Gitting. Kinanda alifundishwa kanisani na mwalimu Maximilian, mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, tangu akiwa darasa la nne, miguu haijafika chini akikaa kwenye kiti. Chenyewe ni kinanda cha umeme. Ukibonyeza kitufe kinapiga ngoma chenyewe, kayamba chenyewe, na besi inatembea chini kama mtu anapanda ngazi. Vijana wanaita biti. Mpigaji anaweka vidole vyake juu ya hiyo biti na kanisa linajaa. Miaka mitano nimekaa kwenye benchi la kwaya, mita mbili kutoka kwenye kile kinanda, na sikuwahi kujiuliza ni kipi kinatoka kwenye vidole vya mwanangu na ni kipi kinatoka kwenye mashine.

Mwezi wa sita barua ikaja shuleni. Masista wa upande wa Mbulu wenye shule ya bweni wameandaa mashindano ya muziki kwa sekondari za wilaya zote mbili, Mbulu na Hanang. Kila shule ilete mtoto mmoja, apige wimbo mmoja kwenye piano yao, dakika tatu au nne. Atakayewaridhisha watamchukua kidato cha tatu pale pale kwao, na Sista Scolastica, ambaye amesomea muziki miaka mingi, atamfundisha kila siku. Nafasi ni moja.

Niseme kwa nini niliitaka hiyo nafasi mpaka nikakosa usingizi. Letisia si mtoto wa maneno. Darasani wako themanini na kitu, hesabu zinampiga, akiulizwa swali anaangalia meza. Mimi niliishia la saba, baba yake Tluway la tano, hatuna cha kumsaidia kwenye madaftari yale. Kitu kimoja tu kwenye maisha yake amekaa mbele za watu hakuinamisha kichwa, na ni kinanda. Nilijua akiikosa hiyo nafasi, atamaliza kidato cha nne apate zile sifuri tunazozijua, arudi kupalilia ngano na mimi. Kwa hiyo niliogopa. Na mtu mwenye hofu, ndugu zangu, asipewe fomu ya mtoto.

Fomu aliileta mwalimu Maximilian Jumapili jioni. Nilikuwa nje na Gaudensia, jirani yangu, mwimbaji mwenzangu wa sauti ya kwanza, tunachambua maharage. Letisia alikuwa ameshaijaza kwa bluu, mwandiko wake mdogo mdogo. Alikuwa ameandika wimbo wa baada ya komunyo, ule mwalimu Maximilian alioutunga mwenyewe mwaka aliofiwa na mama yake. Ni wimbo wa polepole. Akiupiga huo huwa anazima biti kabisa, anapiga kwa mikono miwili mitupu, na kuna mahali mkono wa kushoto unaendelea peke yake kama mtu anayerudi kutafuta kitu alichodondosha njiani.

Nikamwambia, "Huu? Huu si ndio ule watu wanausinzia?"

"Hawasinzii, ayo. Wanasali." Ayo ni mama kwetu Wairaqw, ndivyo anavyoniita.

Gaudensia akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Basi mzee Akonaay anasali kwa kukoroma! Jumapili iliyopita kasali mpaka mate yakamtoka."

Mwalimu Maximilian naye akacheka, lakini akasema, "Mama Letisia, mtoto kachagua vizuri. Mwache."

"Mwalimu, wewe unaupenda kwa sababu ni wako."

"Ni kweli naupenda," akasema. "Ila yeye anaupiga kuliko mimi niliyeutunga."

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikaanza kukumbuka Jumapili ya mavuno.

Waliokuwepo mnajua. Siku ile Letisia alipiga wimbo wa matoleo, ule wa haraka, akafungulia biti yote. Wanawake walikuja mbele na madebe ya maharage na ngano kichwani wakicheza. Kuna kondoo aligoma mlangoni, akaburutwa kwa kamba, akaingia naye kama anacheza. Mzee Akonaay aliweka fimbo chini akaruka miguu pamoja kama yuko kwenye arusi ya mjukuu. Vigelegele havikukatika mpaka padre akakaa chini kungoja. Baada ya misa mama mmoja wa Masakta aliyekuja kusalimia ndugu zake akanishika mkono akasema, "Huyu mtoto wako ana mikono." Nimelala na hilo neno mwaka mzima.

Kwetu wimbo mzuri unajulikana hivyo. Hatuna mtu wa kutoa alama. Wanawake wakipiga vigelegele, wazee wakinyanyuka, wimbo umeshika. Basi nikafikiri na kule Mbulu ni hivyo hivyo.

"Letisia," nikamwambia, "huko mtakuwa watoto wangapi? Thelathini? Wote watakuja na nyimbo za taratibu wanazofundishwa shuleni. Wewe ukiwafungulia wimbo wa matoleo, hao masista watanyanyuka wenyewe."

"Ayo, ule wimbo bila biti ni mdogo sana. Ni vidole vitatu vitatu vinarudiarudia."

"Vidole vitatu vinaamsha mzee Akonaay?"

"Inayomwamsha ni biti."

"Usinijibu."

 Gaudensia akaongeza, na simlaumu, maana alikuwa upande wangu kwa nia njema: "Mwanangu, usiwapelekee watu wa Mbulu wimbo wa kulalia. Kule kuna baridi, watalala kweli."

Nikachukua kalamu ya kwangu, nyeusi, ile ninayoandikia mahudhurio ya jumuiya. Nikapiga mstari juu ya wimbo wake. Juu yake nikaandika jina la wimbo wa matoleo kwa herufi kubwa. Mwalimu Maximilian aliangalia pembeni, kwenye ng'ombe. Hakuweza kunikatalia nyumbani kwangu. Letisia aliichukua fomu, akaipuliza wino ukauke, akaikunja, akasema, "Asante, ayo." Nilifikiri ni asante.

Wiki tatu alizofanya mazoezi nilikuwa nakwenda kumsikiliza kila jioni baada ya kukamua. Anafungulia biti, anapiga, mimi napiga makofi. Siku moja nilimkuta ameizima, anajaribu kujaza kwa mkono wa kushoto, anaongeza hiki na kile, inakataa. Nikamwambia aiwashe, anajichosha bure. Akaiwasha.

Tulikwenda watatu, mimi, yeye na Gaudensia, maana mwalimu Maximilian alikuwa na mazishi ya kuimbia. Tukashuka Katesh asubuhi, tukapata basi la kwenda Babati, Dareda tukashuka kungoja gari la Mbulu. Tulifika jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Masista walitupokea vizuri, wakatupa uji na sehemu ya kulala. Kabla ya chakula cha jioni watoto wakaruhusiwa kuingia ukumbini mmoja mmoja, dakika tano tano, waijaribu piano. Wazazi tulibaki nje.

Letisia alitoka hata dakika tano hazijaisha. Alikuwa anajisugua vidole.

"Ayo, ni mbao tu na nyuzi. Ni nzito. Haina kitufe hata kimoja."

"Si ni kinanda?"

"Ni piano. Haipigi ngoma. Inapiga unachopiga wewe, basi." Akatazama mlango wa ukumbi. "Sista Scolastica amesema anayetaka kubadilisha wimbo amwambie kabla ya uji wa asubuhi. Ule mwingine nimeujaribu kidogo. Ayo, ungeusikia humo ndani."

Haya ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia mwaka ule. Hebu niambieni, mama mwenye akili angefanya nini?

Mimi nilikuwa nimechoka. Mgongo uliniuma tangu Dareda. Na nilikuwa nimewaona wale wazazi wengine, mama mmoja ana miwani na viatu vya kisigino, anaongea na masista kama ni wadogo zake. Nikaona tukianza kubadilisha watasema hawa wa Gitting hawajui walichokuja nacho. Nikamwambia, "Mtu anayebadilishabadilisha anaonekana hana msimamo. Umefanya mazoezi wiki tatu. Kesho utapiga kile kile. Usinichoshe, Letisia."

"Sawa, ayo."

Hakulia wala hakununa. Ningependa angenuna.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Meza ya waamuzi ilikuwa na watu watatu, Sista Scolastica katikati, mdogo wa mwili, ana miwani anaisukuma juu kwa kidole. Watoto wakaanza. Mmoja alipiga kitu kirefu cha kizungu akapotea katikati akaanza upya. Mwingine alipiga vizuri, mwingine vibaya. Binti mmoja wa Dongobesh, Lucia, alipiga kawimbo kadogo mno, kama ka kubembelezea mtoto, nikamnong'oneza Gaudensia, "Kwani huyu hajala?" Gaudensia akasema, "Labda ndiyo kaanza kujifunza jana." Tukacheka kwa chini. Nilicheka, ndiyo. Na vigelegele havikupigwa hata kwa mmoja. Watu walipiga makofi kidogo, wakanyamaza, waamuzi wakaandika. 

Wakaita shule yetu. Letisia akaenda, akainama, akakaa.

Akaanza. Mkono wa kushoto, pa, pa, pa. Wa kulia, wimbo wenyewe. Nikangoja ule wimbo ninaoujua uje. Haukuja. Kilichokuja ni kidogo na kikavu, kama mtu anagonga mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama. Pa, pa, pa. Kinarudi. Pa, pa, pa. Nikaangalia mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nikasikia anachopiga mwanangu kwenye ule wimbo. Alikuwa ameniambia. Vidole vitatu vitatu.

Halafu kikafika kile kipande cha katikati. Mnaokijua, pale kinanda kinaachia ngoma tupu zipige hesabu nane na wanawake wanacheza kuelekea altareni. Letisia akaondoa mikono, akaiweka mapajani. Sijui kama ni mazoea au ni heshima ya wimbo, akahesabu zote nane. Ukumbi kimya. Moja. Mbili. Mtu akakohoa. Nne. Waamuzi wakainua macho wakifikiri amemaliza, mmoja akaanza kupiga makofi akaacha. Watoto wa nyuma wakaanza kucheka.

Gaudensia akaona amsaidie. Akapiga kigelegele. Peke yake, katikati ya ukumbi wa masista, kirefu, kikapanda mpaka kwenye dari, kikakatika kwa aibu kabla hakijafika mwisho. Ukumbi wote ukaangua kicheko. Letisia akarudisha mikono akamalizia wimbo wake. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Hakukosea hata mahali pamoja, hilo niliandike, maana ni haki yake.

Wengine walikuwa wakimaliza wanashuka. Lakini Letisia, Sista Scolastica alimzuia. Alikuwa ameshika ile fomu yetu, anaisogeza mbali na macho, anaileta karibu.

"Letisia, mikono yako ni safi sana. Hesabu yako ni ya saa. Lakini huu wimbo ni wa kwaya na ngoma, si wa piano. Jana uliijaribu piano?"

"Ndiyo, Sista."

"Ukasikia kuwa haufai?"

Letisia akaangalia piano.

"Hapa kuna wimbo mwingine, umeandikwa kwa bluu, ukakatwa kwa kalamu nyeusi." Akasukuma miwani. "Nani aliukata?"

Sasa nisikilizeni. Yule Sista hakumwangalia Letisia alipouliza. Alituangalia sisi, kwenye mabenchi ya wazazi. Aliangalia taratibu, benchi kwa benchi, hana haraka kabisa. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Ilikuwa ninyanyuke niseme maneno mawili, "Mimi, Sista." Yule mama wa miwani alikuwa mbele yangu. Kicheko cha kigelegele kilikuwa bado kinachuruzika nyuma. Nikaona watu wakigeuka kumwangalia mama aliyemharibia mtoto wake. Nikaangalia viatu vyangu, vilikuwa na vumbi la Dareda.

Letisia akasema, "Mimi, Sista."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Sista akangoja tena kidogo. Halafu akaiweka fomu mezani. "Kuchagua nako ni kupiga, binti yangu. Tunamtafuta mtoto anayekisikia chombo alichokalia, akajua kinataka nini. Mengine tunaweza kufundisha. Asante, nenda kakae."

Nafasi akapewa Lucia wa Dongobesh na kawimbo kake.

Tukiwa Dareda tunangoja gari la kurudi, Gaudensia amekwenda kununua maji, nikamuuliza, "Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kulikuwa na watu, ayo."

"Sasa?"

"Ningekutaja mbele za watu?" Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. Na kweli kwetu mtoto hamtaji mzazi wake kwa kosa mbele ya wageni. Mimi ndiye niliyemfundisha, nilimfundisha hata kwa fimbo. Sikufikiri siku moja atalilipia hilo fundisho kwa nafasi yake yote.

Nyumbani Tluway aliuliza mara moja tu, "Imekuwaje?" nikamwambia hakupata, akasema, "Haya, Mungu yupo," akaenda kuangalia ndama. Sikumwambia mengine. Wiki mbili nilibeba lile jambo shambani na kisimani. Wiki ya tatu nikaenda kwa mwalimu Maximilian, nikamwomba namba ya Sista na aniazime simu yake, yangu haina sauti. Aliniachia chumba, akatoka nje.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mama. Nani mwenzangu?"

Nikamwambia mama yake Letisia wa Gitting, mwenye wimbo wa kwaya. Nikamwambia kalamu nyeusi ni yangu. Nikamwambia na ya jioni, kwamba alitaka kubadilisha nikamkatalia. Niliongea haraka, naogopa salio kuisha, naogopa na yeye asije akakata.



"Mama," akasema, "siku ile niliwaangalia pale kwenye mabenchi muda mrefu. Nilikuwa nangoja mtu asimame. Ungesimama, ningemwambia mtoto anipigie ule wa bluu pale pale. Watu wote wangengoja."

"Sasa je, Sista?"

"Sasa Lucia ameshaandikishwa. Na mashindano ya mwakani ni ya kidato cha kwanza tu. Pole sana, mama yangu. Mwambie Letisia aendelee."

Hakunigombeza. Alinipa pole. Nimezungumza na watu wengi wakali maishani, hakuna aliyenichosha kama yule kwa pole yake.

Nilimwambia Letisia kila kitu usiku huo huo tukiwa jikoni, na nikamwomba msamaha, jambo ambalo mama yangu hakuwahi kunifanyia. Akasema, "Hamna shida, ayo," akaendelea kukoroga ugali. Ninaamini amenisamehe. Angekuwa na kinyongo, pengine ingekuwa nafuu kwangu, maana kinyongo kinaisha.

Kuna kitu kingine kimebaki. Zamani Jumamosi kwenye mazoezi mwalimu Maximilian alikuwa akimwachia Letisia apange nyimbo za kesho. Alikuwa anapekua yale makaratasi kwa nguvu, anatoa huu, anaukataa ule, wakati mwingine wanabishana na mwalimu mpaka tunacheka. Siku hizi mwalimu akimwambia apange, anageuka kwenye benchi letu.

"Ayo, niupige upi?"

Nimemwambia achague mwenyewe. Nimemwambia mbele ya kwaya, nimemwambia nyumbani, nimemwambia kwa upole na kwa ukali. Ananijibu kwa adabu, "Wowote tu, ayo. Wewe sema."

Wazazi wenzangu, mnaona ni kitu kidogo. Watu wanamsifu, wanasema mtoto ana heshima, kwenye kinanda chake bado anamuuliza mama. Nasikia wanavyosema, natamani kutoka nje.

Jumamosi iliyopita niliamua sitajibu. Nikakaa. Yeye akakaa, mikono juu ya magoti, uso kwangu, anangoja kama anavyongoja mtu foleni ya kusaga. Mwalimu Maximilian akajifanya anapanga makaratasi. Gaudensia akanigusa kwa kiwiko. Nje kulikuwa kunaanza kupoa, ukungu unashuka kutoka mlimani, na wanawake wakaanza kujifunga kanga vizuri na kuangalia mlango, maana ng'ombe walikuwa wanangoja kukamuliwa. Nilingoja apekue hata karatasi moja. Hakupekua.

Mwishowe nikataja wimbo mmoja.